Mabao ya Julai Hayalipi Agosti

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Julai hadi ligi inapoanza Agosti, watu wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya England hushughulika na kazi moja: kufungua kikosi, kufuta jina, kuweka jingine, kisha kufuta tena. Wachezaji wa fantasi hiyo wamepita milioni 10 duniani, na kwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huu si mchezo wa watu wachache. Kuna ligi za ofisini, za mtaani na za makundi ya WhatsApp, na nyingi zina mchango wa fedha mwanzoni mwa msimu na zawadi mwishoni. Kinachowafanya watu wafute na kuandika upya ni mechi za kirafiki. Mshambuliaji akifunga mawili Marekani Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi yumo kikosini. Mwingine akikosa bao la wazi huko Singapore, jioni hiyohiyo anatupwa. Wanaofanya hivyo wana hoja yao, na wanaitetea kwa methali inayojulikana na kila mtu: dalili ya mvua ni mawingu. Anayewaka Julai, wanasema, atawaka Agosti. Ninaipinga imani hii, na siipingi nusunusu. Mabao ya mechi za maandalizi ni habari dhaifu kuliko karibu habari nyingine yoyote ambayo mtu anaweza kuitumia kupanga kikosi, na kwa bahati mbaya ndiyo habari yenye kelele kubwa kuliko zote.

Tuanze na mwaka 2022, maana ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi. Liverpool ilikuwa imemleta Darwin Núñez kutoka Benfica, na Manchester City imemleta Erling Haaland kutoka Borussia Dortmund. Washambuliaji wawili wapya, klabu mbili zilizokuwa zikigombea ubingwa, na kila mwenye kikosi akijiuliza amchukue yupi. Mwanzoni mwa ziara ya Asia, Núñez alidhihakiwa. Nafasi aliyoikosa Bangkok ilisambaa mitandaoni na watu wakaanza kusema Liverpool imepigwa. Kisha Julai 21, katika mechi ya kirafiki dhidi ya RB Leipzig, aliingia kipindi cha pili akafunga mabao 4, na Liverpool ikashinda 5-0. Wale waliomcheka wiki iliyotangulia wakawa wa kwanza kumwandika kikosini. Siku tisa baadaye Liverpool na City zilikutana kwenye Ngao ya Jamii mjini Leicester. Núñez akatoka benchi akafunga, Liverpool ikashinda 3-1, na Haaland, dakika za mwisho, akiwa hatua chache tu kutoka golini na goli likiwa wazi mbele yake, akapiga mpira ukagonga mwamba. Hukumu ilitolewa usiku uleule: Núñez ndiye, Haaland itamchukua miezi kuizoea Ligi Kuu. Bei za fantasi nazo zilikuwa na ushawishi wake, kwa sababu Núñez aligharimu pauni milioni 9 na Haaland milioni 11.5, na mwenye bajeti ya milioni 100 kwa wachezaji 15 huihesabu kila nusu milioni. Msimu ulipokwisha, Haaland alikuwa na mabao 36 ya ligi, rekodi ya msimu mmoja katika Ligi Kuu, pamoja na pointi 272 za fantasi. Núñez alikuwa na mabao 9.

Mtu atasema nimechagua mfano unaonifaa, na kwamba Núñez hakuanza vibaya. Ni kweli hakuanza vibaya. Siku ya kwanza, dhidi ya Fulham, aliingia akitokea benchi, akafunga na kutoa pasi ya bao. Waliomchukua walishangilia, na kwa wiki moja mabao ya Leipzig yalionekana yamelipa. Mechi ya pili, dhidi ya Crystal Palace, alimpiga kichwa Joachim Andersen akatolewa kwa kadi nyekundu na kufungiwa mechi tatu. Moja kati ya hizo ilikuwa ile ambayo Liverpool iliifunga Bournemouth 9-0, huku Roberto Firmino akifunga mabao 2 na kutoa pasi 3 za mabao katika nafasi ileile ambayo wengi walimlipia Núñez. Kadi nyekundu ni jambo la bahati, na siitumii kama ushahidi kwamba Núñez hakuwa mchezaji mzuri. Ninachotaka tukiangalie ni ndani ya yale mabao manne ya Leipzig. Bao lake la kwanza lilikuwa la penalti. Kwenye ligi, penalti za Liverpool zilikuwa za Mohamed Salah, na ushahidi ulikuja hata kabla ligi haijaanza: kwenye Ngao ya Jamii, kichwa alichopiga Núñez mwenyewe kiligonga mkono wa Rúben Dias, penalti ikatolewa, Núñez akiwa uwanjani, na aliyeuweka mpira chini na kufunga alikuwa Salah. Aliyekuwa akitafuta habari ya kweli kuhusu pointi za Núñez aliipata pale, kwenye ile penalti asiyoipiga. Robo ya mabao ya Leipzig ilikuwa mali ya mtu mwingine. Lakini penalti asiyoipiga mtu haiwekwi kwenye video fupi.

Mechi ya kirafiki ni sehemu ya mazoezi yenye mwamuzi na tiketi. Kocha haipangi ili ashinde. Anaipanga ili wachezaji wajenge pumzi, ili aliyetoka majeruhi apate dakika zake, ili kijana wa akademi aonekane, na ili waliolipa kuitazama klabu wawaone nyota wao angalau kwa nusu saa. Wachezaji wengi huingia uwanjani na miguu mizito baada ya siku za mazoezi makali. Idadi ya wanaobadilishwa ni makubaliano ya timu mbili, si sheria ya ligi. Julai 12, 2022, Manchester United iliifunga Liverpool 4-0 mjini Bangkok, na vichwa vya habari vikatangaza zama mpya za kocha wao Erik ten Hag. Siku hiyo kocha wa Liverpool, Jürgen Klopp, aliingiza vikosi vitatu tofauti ndani ya mechi moja, akibadilisha timu nzima kila baada ya kama nusu saa. Ni timu gani basi iliyofungwa 4-0? Hakuna timu ya namna hiyo katika ratiba ya ligi. Agosti 7 United ilifungwa 2-1 na Brighton nyumbani Old Trafford, na Agosti 13 ikafungwa 4-0 na Brentford, mabao yote yakiingia kipindi cha kwanza. Anthony Martial, aliyefunga Bangkok na kuendelea kufunga katika mechi mbili zilizofuata huko Australia, na ambaye kwa wiki tatu alikuwa jibu la bei nafuu kwa kila mwenye fantasi, hakuwepo katika mechi ya Brighton. Aliumia kabla ligi haijaanza.

Kuna pia suala la nani hayupo. Katika miaka ya mashindano makubwa, timu unayoiona Julai si timu. Fainali za Euro na Copa América za 2024 zote zilichezwa Julai 14, na Ligi Kuu ikaanza Agosti 16. Wachezaji waliofika mbali katika mashindano hayo walikuwa likizo wakati klabu zao zikianza ziara, na waliowashikia nafasi ndio waliofunga mabao tuliyoyahesabu. Winga aliyeng'aa kwa sababu winga mwenye namba yuko ufukweni hana habari ya kutupa kuhusu wiki ya kwanza, isipokuwa kwamba yupo na hana jeraha. Na beki aliyemkaba huenda naye alikuwa kijana wa miaka 18 asiyekuwa na namba ya jezi ya msimu mpya.

Lakini tuseme yote hayo yangeondolewa. Tuseme mechi za kirafiki zingechezwa kwa nguvu zilezile za ligi, vikosi vilevile, dakika 90 kamili. Bado hoja ya mabao ingeanguka, na hapa ndipo ninapoomba subira kidogo, kwa sababu ni hesabu na hesabu huwachosha wapenzi wa mpira. Chukua mshambuliaji mzuri ambaye kwa wastani hufunga bao moja katika kila mechi mbili, yaani mabao 19 kwa msimu wa mechi 38. Huyo ni mshambuliaji wa kiwango cha juu. Mpe mechi nne. Kwa kanuni za kawaida za uwezekano, kuna kama asilimia 14 kwamba hatafunga hata bao moja katika hizo nne, na kuna kama asilimia 14 nyingine kwamba atafunga manne au zaidi. Sasa weka washambuliaji 20 wa namna hiyo, mmoja kwa kila klabu, wote wakiwa na uwezo uleule bila tofauti hata chembe. Mwisho wa mechi nne utatarajia kama watatu wao wawe na mabao manne au zaidi, na kama watatu wasiwe na bao. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Bahati tu imewagawa. Lakini sisi tutawaita watatu wa kwanza moto wa kuotea mbali, na watatu wa mwisho tutawaita mizigo, na tutatumia mamilioni ya bajeti kununua tofauti ambayo haipo. Na kumbuka kwamba katika hali halisi mshambuliaji wa Julai hachezi mechi nne kamili. Wengi huondoka dakika ya 45 au ya 60. Kadiri dakika zinavyopungua, ndivyo bahati inavyozidi kutawala.

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi ya zote ni ya kujiamini. Wanasema: sawa, mabao yenyewe hayana thamani, lakini mshambuliaji aliyefunga anaingia msimu akiwa na moyo, na timu iliyoshinda inaingia na mwendo. Hoja hii ina sura ya busara na sitaidharau, maana kila aliyecheza mpira anajua kwamba moyo una kazi yake uwanjani. Ila inapaswa kujibu swali la mwaka 2014. Louis van Gaal aliichukua Manchester United iliyotoka kumaliza nafasi ya saba, akaipeleka Marekani, na ikafanya kila ambacho timu inaweza kufanya ili ijiamini. Iliifunga LA Galaxy 7-0. Iliifunga Roma. Iliifunga Real Madrid 3-1 huko Ann Arbor mbele ya watazamaji 109,318, umati ambao hakuna mechi ya ligi ya England inayoweza kuukusanya. Ikaifunga Liverpool 3-1 katika fainali ya mashindano ya kirafiki yaliyochezwa huko na kubeba kombe. Moyo kama huo ukishindwa kuvuka bahari, sijui ni upi utakaovuka. Agosti 16 ilifungwa 2-1 nyumbani na Swansea katika mechi ya kwanza ya ligi, na kabla mwezi haujaisha ikachapwa 4-0 na MK Dons, timu ya daraja la tatu, katika Kombe la Ligi. Aliyewapakia wachezaji wa United kikosini kwa sababu ya Ann Arbor alikuwa amelipia kujiamini ambako hakukudumu hata dakika 90 za kwanza.

Chelsea ya 2023 inasimulia habari hiyohiyo kwa njia nyingine. Chini ya Mauricio Pochettino ilimaliza maandalizi bila kufungwa, Nicolas Jackson akasifiwa kila kona, na Christopher Nkunku akafunga katika ziara ya Marekani. Nkunku aliumia goti katika mechi ya mwisho ya ziara hiyo dhidi ya Dortmund mjini Chicago, akafanyiwa upasuaji, na hakucheza mechi rasmi ya Chelsea mpaka Desemba. Timu yenyewe ilishinda mechi 1 tu kati ya 6 za kwanza za ligi. Na mchezaji wa Chelsea aliyekuja kubadilisha misimamo ya ligi za fantasi kuliko wote msimu ule, Cole Palmer, hakuwa hata mchezaji wa Chelsea wakati wa ziara. Alisajiliwa Septemba 1 kutoka City, akiwa na bei ya fantasi ya pauni milioni 5, akamaliza na mabao 22 na pasi 11 za mabao, mabao 9 kati ya hayo yakiwa ya penalti.

Sasa nifike kwa hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, ile ya Gabriel Jesus. Kiangazi hichohicho cha 2022, Jesus alihamia Arsenal kutoka City, akawa na maandalizi ya kung'ara, na akayafunga kwa mabao 3 katika ushindi wa 6-0 dhidi ya Sevilla. Bei yake ya fantasi ilikuwa milioni 8 na alikuwa kila mahali. Mechi ya kwanza, dhidi ya Crystal Palace, hakufunga, lakini ya pili, dhidi ya Leicester, alifunga 2 na kutoa pasi 2 za mabao, na kila aliyemwamini alijiona nabii. Je, si ushahidi kwamba Julai husema kweli? Ninakubali kwamba kumchukua Jesus ulikuwa uamuzi mzuri. Ninakataa kwamba ulikuwa mzuri kwa sababu ya Sevilla. Ulikuwa mzuri kwa sababu mambo matatu yalikuwa wazi tangu siku aliposaini: alikuwa mshambuliaji wa kwanza bila mpinzani katika timu inayotengeneza nafasi nyingi, angecheza dakika nyingi kuliko alizowahi kupewa City, na bei yake iliwekwa chini kwa mtu mwenye kazi hiyo. Asingefunga hata bao moja dhidi ya Sevilla, hoja hizo tatu zingebaki pale pale. Na waliomchukua kwa ajili ya mabao walikutana na ukweli baadaye kidogo: mpaka ligi inasimama kupisha Kombe la Dunia, alikuwa amefunga mabao 5 tu katika mechi 14, na huko Qatar akaumia goti. Huyo ndiye Jesus tuliyemjua kwa miaka yote aliyokuwa City, mchezaji wa thamani kubwa asiyekuwa mfungaji wa mvua ya mabao. Mechi tano za Julai hazikufuta misimu yake ya nyuma.

Arsenal hiyohiyo, katika mechi hizohizo, ilikuwa ikitoa habari nyingine ambayo ilikuwa na thamani na haikupigiwa kelele. William Saliba alikuwa amerudi kutoka Ufaransa, na mechi baada ya mechi kocha Mikel Arteta alimpanga beki wa kati pembeni ya Gabriel Magalhães, huku Ben White, beki wa kati wa msimu uliopita, akihamishiwa beki wa kulia. Kwenye fantasi Saliba aliuzwa milioni 4.5, bei ya mtu wa benchi. Kocha alikuwa akitangaza hadharani, wiki baada ya wiki, kwamba huyu ataanza. Hakufunga mabao Julai, hakuwa na video ya dakika moja, na hata hivyo alianza mechi zote za ligi mpaka alipoumia mgongo mwezi Machi, katika timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Hapo ndipo mechi za maandalizi zinapofaa. Zinaonyesha kocha anamweka nani, wapi, na pamoja na nani. Ni maamuzi ya mtu mmoja, yanayorudiwa, na anayeyafanya ana sababu ya kuyafanya vilevile Agosti. Bao ni tukio. Nafasi ya mchezaji ni uamuzi. Anayetazama mechi ya kirafiki akaondoka na hesabu ya mabao amebeba maganda akaacha ndizi.

Wapo watakaosema kwamba kwa mchezaji mpya, au kwa timu iliyopanda daraja, hakuna kingine cha kutazama, hivyo bora mabao ya Julai kuliko giza. Kwanza si giza. Haaland alifika City akiwa na mabao 62 katika mechi 67 za Bundesliga. Mechi 67 dhidi ya nafasi moja iliyogonga mwamba mjini Leicester: nashindwa kuelewa ni mizani gani iliyoifanya ile nafasi moja iwe nzito. Timu iliyopanda daraja nayo ina msimu mzima nyuma yake, wapigaji penalti wanaojulikana, mabeki wanaojulikana kwa kupanda mbele. Pili, hata pale ambapo habari ni chache kweli, uchache wake hauzipi nguvu zile mbovu zilizopo. Mwenye habari dhaifu anatakiwa kupunguza uhakika wake, achukue mchezaji wa bei inayovumilika, asubiri wiki mbili au tatu za ligi. Asimvishe unahodha mtu aliyemwona akiifunga timu ya Marekani katika joto la Julai.

Kwa wasomaji wa pwani yetu ipo hoja ya ziada, ya macho. Julai 13, 2017, Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, na Wayne Rooney, katika mechi yake ya kwanza tangu arudi klabu aliyokulia, alifunga kwa shuti la mbali mbele ya mashabiki wengi. Jacques Tuyisenge akasawazisha, Kieran Dowell akafunga la ushindi, na waliokuwepo wana haki ya kusema waliona kitu. Rooney akafunga katika mechi zake mbili za kwanza za ligi, dhidi ya Stoke na dhidi ya Manchester City, hilo la pili likiwa bao lake la 200 katika Ligi Kuu. Aliyeshuka kutoka jukwaa la Uwanja wa Taifa moja kwa moja mpaka kwenye kikosi cha fantasi alikuwa sahihi kwa majuma mawili. Kisha Everton ikafungwa na Chelsea, Tottenham na Manchester United mfululizo, jumla ya mabao 9 bila kufunga hata moja, na Oktoba kocha Ronald Koeman akafukuzwa timu ikiwa nafasi ya 18. Rooney alimaliza msimu na mabao 10 ya ligi, kiasi cha heshima kwa mchezaji wa umri wake. Lile shuti la Dar lilikuwa zuri. Lilituambia kwamba Rooney anajua kupiga mpira, jambo ambalo dunia ililijua tangu 2002. Halikutuambia lolote kuhusu safu ya ulinzi ya Everton, kuhusu ratiba yake ya Agosti na Septemba, wala kuhusu timu iliyokuwa imemuuza Romelu Lukaku bila kumpata mbadala wake.

Kwa nini basi imani hii haifi, ikiwa kila mwaka inawaangusha watu? Sababu moja ni ukame wa Julai. Vyombo vya habari vya michezo vina kurasa na saa zilezile za kujaza, lakini ligi hakuna, kwa hiyo mechi ya kirafiki hupewa uzito wa mechi ya ligi kwa kuwa hakuna kingine cha kupewa uzito. Wachambuzi wanaojua kabisa jinsi mechi hizo zinavyochezwa hukaa mbele ya kamera wakitaja "wachezaji watano wa kuwatazama" kana kwamba wamepima kitu. Ninawalaumu, kwa sababu wana ujuzi ambao mwenye simu peke yake hana, na wanautumia kukuza kelele. Sababu ya pili ni kumbukumbu. Aliyemchukua mtu kwa mabao ya Julai na akapata pointi 13 wiki ya kwanza atalisimulia hilo mpaka Mei. Aliyepata pointi 2 atabadilisha mchezaji kimyakimya wiki ya tatu na kusahau kwamba aliwahi kuwa naye. Hakuna anayetunza orodha ya majina yote yaliyovuma kiangazi kizima akaiangalia Desemba. Orodha hiyo ingetunzwa miaka mitatu tu, biashara ya "wa kuwatazama" ingepoteza wateja wengi.

Naambiwa pia kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba raha ya Julai ni kuota. Sina ugomvi na ndoto. Lakini mchezo wenyewe unatoza. Kubadilisha mchezaji zaidi ya nafasi ulizonazo kunakatwa pointi 4, na bao la mshambuliaji lina thamani ya pointi 4. Kila anayekimbia kurekebisha kosa la Julai anamlipia mchezaji mpya bao moja kabla hajagusa mpira. Kadi ya kubadili kikosi kizima, ambayo ingefaa mwezi wenye mechi nyingi, huchomwa Agosti na waliopanga kikosi kwa kutazama ziara za Marekani. Katika ligi yenye mchango wa fedha, hizo ni fedha za mtu. Na upande wa pili wa runinga kuna wachezaji wenyewe. Núñez aligeuzwa kichekesho akiwa na wiki chache tu katika nchi mpya, kisha shujaa, na yote hayo yalitokana na dakika ambazo kocha wake alizihesabu kama mazoezi. Haaland alidhihakiwa dunia nzima kwa nafasi moja. Sioni ni raha gani inayohitaji hayo.

Kwa hiyo, anayetaka kutazama mechi za maandalizi azitazame kwa maswali yanayoweza kujibiwa. Katika mechi ya mwisho kabla ya ligi, ile inayochezwa siku chache kabla ya ufunguzi, ni 11 gani walioanza, na ni wangapi kati yao walioanza pia katika mechi iliyotangulia? Penalti ikitoka wakati wapigaji wa kawaida wa timu wote wako uwanjani, nani anaushika mpira? Kona zinapigwa na nani, na beki yupi anakwenda mbele kuzipokea? Aliyesajiliwa kama kiungo anacheza kiungo, au amesogezwa mbele huku orodha ya fantasi ikiendelea kumhesabu kiungo na kumpa pointi 5 kwa bao badala ya 4? Nani hayupo, na kwa nini? Majibu yakipatikana, kikosi kinaweza kufungwa mapema na mtu akalala, maana hakuna bao la kirafiki litakaloingia baada ya hapo lenye uwezo wa kuyabadilisha. Muda wa mwisho wa kusajili ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa ufunguzi wa Ijumaa usiku hiyo ni kama saa 2:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na habari pekee inayostahili kumfanya mtu afungue tena kikosi saa hiyo ni ya jeraha.